Mhariri anakata "huenda", mwanaakiolojia anauliza "una hakika gani?"

Swali: "Mimi ni mwalimu wa sekondari. Ninaandika kitabu cha ziada cha Historia ya Tanzania na Maadili, na sura ya miji ya pwani imeshasomwa na watu wawili. Wa kwanza, mhariri, amekata 'huenda', 'inasemekana' na 'inaaminika' karibu zote, akaandika pembeni kwamba kitabu cha mwanafunzi hakitakiwi kusitasita. Wa pili ni mtu wa akiolojia. Amepigia mstari sentensi zile zile zilizosafishwa na mhariri, akauliza: 'Una hakika gani?' Wanafunzi nao wanataka jibu moja la kuandika kwenye mtihani. Kuna kanuni yoyote ya kujua niseme kwa uhakika kiasi gani? Nikiweka 'bila shaka' pale nilipo na uhakika na 'huenda' pale nisipo nao, si inatosha?"

Mwalimu, hongera kwa kazi, na pole kwa kuvutwa huku na huku. Nianze na swali lako la mwisho: haitoshi. Na kuhusu wasomaji wako wawili, kila mmoja ameona kasoro ya kweli. Mhariri amechoshwa na shaka iliyotapakaa kila mahali bila kusema ni shaka ya nani wala ya nini. Mwanaakiolojia ameona kwamba baada ya shaka hiyo kufutwa, sentensi zimebaki zikidai mambo ambayo ushahidi haujayafikisha huko. Kufuta "huenda" hakuongezi ushahidi. Kuirudisha ilivyokuwa nako hakumsaidii mwanafunzi kujua kipi kimethibitika.

Wanaisimu huliita jambo hili modaliti, yaani namna msemaji anavyoonyesha msimamo wake juu ya anachokisema: ana uhakika, anakisia, anasimulia ya wengine, au anaagiza. Watu wengi hudhani ni suala la kuchagua neno moja kati ya "bila shaka" na "huenda". Kwa kweli kuna maswali matatu tofauti: uhakika ni wa kiasi gani, unatoka kwa nani, na unahusu sehemu ipi ya sentensi. Mswada wako, kwa jinsi ulivyoueleza, umejibu la kwanza tu.

Tuanze na uhakika wa juu kabisa, maana hapo ndipo waandishi wengi huteleza. Soma sentensi hii: "Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505." Hakuna neno lolote la uhakika ndani yake. Kitenzi kimesimama peke yake na "-li-" yake, na hiyo ndiyo kauli yenye nguvu kuliko zote tulizo nazo. Sasa ongeza neno: "Bila shaka Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505." Msomaji makini anaanza kujiuliza nani alikuwa na shaka. Mgeni akifika kutoka safarini tunamwambia "bila shaka umechoka" kwa sababu hajatuambia kwamba amechoka; tunakisia kwa kuona vumbi na mizigo. Neno hilo ni la kukisia, hata kama kukisia kwenyewe ni kwa nguvu. Hivyo hivyo "hakika", "ni wazi kwamba" na "kama inavyojulikana". Hili la mwisho lina ubaya wa ziada: linamwambia mwanafunzi asiyejua kwamba wenzake wote wanajua. Pale ulipo na uhakika, andika kitenzi kitupu usonge mbele. Ukipitia mswada na kufuta "bila shaka" zote, nadhani hutapoteza chochote.

Hatua ya pili ni "hu-". "Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi" haisemi ilivuma mwaka fulani. Inasema ndivyo ilivyo kila mwaka. Ni kauli nzito, na ndiyo inayofaa kwa kanuni za sayansi na jiografia. Tahadhari yake ni masharti. "Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi" ni kweli katika usawa wa bahari. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa huo, maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa kuwa kanieneo ya hewa ni ndogo zaidi. Mwandishi mwenye woga ataandika "maji huenda yakachemka kwa nyuzi 100", na hapo amekosea aina ya tatizo, kwa sababu jambo lenyewe halina shaka yoyote. Kilichokosekana ni sharti: "katika usawa wa bahari". Ni hivyo hivyo kwa mambo ya wingi. Ukitaka kusema kwamba baadhi ya miji ya pwani ilitengeneza sarafu zake na mingine haikutengeneza, usiandike "miji ya pwani huenda ilitengeneza sarafu". Andika "baadhi ya miji", "si kila mji", "aghalabu". Nusu ya "huenda" ninazokutana nazo katika miswada ya shule zinapaswa kuwa sharti au kiasi, na zikishabadilishwa hivyo hata mhariri mkali haziwezi kumkera.

Sasa tuje kwenye maneno yenye sura mbili, ambayo ndiyo yanayowachanganya wanafunzi bila mwandishi kujua.

"Lazima" ni la kwanza. Linganisha: "Lazima wafanyabiashara walipe ushuru" na "Lazima wafanyabiashara walilipa ushuru." Ya kwanza ni amri. Ya pili ni ukisiaji: mwandishi ameona dalili akahitimisha kwamba walilipa. Tofauti yote imebebwa na umbo la kitenzi, "walipe" au "walilipa". Mtu mzima anaisikia. Mtoto wa kidato cha kwanza anayesoma haraka anaona "lazima" na kuelewa sheria. Ataandika kwenye daftari kwamba sultani aliweka sheria ya ushuru, kumbe wewe ulikuwa unakisia tu. Katika mazungumzo tuna njia nyingine nzuri ya kukisia, ile ya "watakuwa": "watakuwa walisafirisha mawe kwa majahazi." Ni Kiswahili safi, lakini kitabuni ule wakati ujao ulioko mwanzoni humkwaza anayesoma kimyakimya. Kwa hiyo nashauri "lazima" ibaki kwa wajibu, na ukisiaji uandikwe wazi pamoja na sababu yake: "Tunakisia kwamba walilipa ushuru, kwa sababu…" Usipoweza kuijaza hiyo "kwa sababu", ukisiaji wenyewe haukustahili kuwamo.

"-weza" ina sura tatu. "Majahazi yaliweza kusafiri hadi Uarabuni" ni uwezo. "Mgeni aliweza kuingia sokoni baada ya kulipa ushuru" ni ruhusa. "Mji unaweza kuwa ulianzishwa karne ya 9" ni uwezekano. Hiyo ya tatu inasikika kama Kiingereza kilichovishwa kanzu, na ndiyo imejaa vitabuni. Iachie "-weza" kazi ya uwezo. Kwa uwezekano tumia "huenda" au "inawezekana kwamba".

Na "huenda" yenyewe ina utaratibu wake. Kwa jambo lililopita, inafuatwa na "-li-": "Huenda wakazi walihama kwa kukosa maji." Kwa jambo ambalo bado, inafuatwa na "-ka-": "Huenda wakazi wakahama." Waandishi huzichanganya, na ukisoma "huenda mji ukaanguka baada ya biashara kuhama" hujui kama unasoma historia au utabiri. "Labda" ina harufu ya maongezi. "Pengine" hutumika pia kwa maana ya "mara nyingine", kwa hiyo iepuke kwa wanafunzi wadogo. "Yumkini" ni nzuri, ila kwa kitabu cha kidato cha kwanza ingefaa iwekwe kwenye msamiati.

Kisha kuna kundi ambalo mhariri wako alilikata, na hapa nipo upande wake: "inasemekana", "inaaminika", "inadaiwa". Watu hudhani maneno haya yana sura ya kitaalamu kwa kuwa hayamtaji mtu. Kutomtaja mtu ndiko kunakoyafanya yasifae. "Inasemekana" na nani? Bibi wa kijijini, hati ya karne ya 16, au profesa wa chuo kikuu? Na kila moja lina ladha yake ambayo msomaji wa Kiswahili anaihisi hata asipoweza kuieleza: "inasemekana" iko karibu na uvumi, "inadaiwa" inanukia mahakama na kurasa za magazeti, "inaaminika" inakaribia imani. Maneno mawili ya jamaa hii yana kazi halali. "Inasimuliwa" inafaa kwa masimulizi ya mdomo, mradi useme yanasimuliwa wapi. "Inakadiriwa" inafaa kwa idadi, mradi utoe pande zote mbili za makadirio.

Hilo la idadi lina uzito wake. Kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya jeshi la Wajerumani kuharibu mashamba na akiba za chakula. Mwandishi anayeandika "takriban watu 300,000 walikufa" amechukua ncha moja akaifanya kuwa ndiyo idadi. Anayeandika "watu wengi sana" amemnyima mwanafunzi kila kitu. Andika "inakadiriwa kwamba walikufa watu kati ya 75,000 na 300,000", halafu ongeza sentensi moja tu: pengo kubwa hivyo linatokana na kwamba vifo vya njaa vijijini havikuhesabiwa. Upana wa makadirio wenyewe ni somo la historia.

Sasa suala ambalo naona ndilo kiini cha mgogoro wako: shaka inakaa wapi ndani ya sentensi. Chukua mfano wa namna ninayokutana nayo mara nyingi: "Inasemekana Ibn Battuta huenda alitembelea Kilwa mnamo 1331, ambapo inaaminika aliukuta mji mzuri sana." Shaka tatu katika sentensi moja, na hakuna hata moja iliyokaa mahali pake. Safari yake ya Kilwa ya mwaka 1331 ni jambo ambalo wanahistoria hulichukua kama msingi. Haihitaji "inasemekana" wala "huenda". Uzuri wa mji ni maoni yake mwenyewe, na maoni huandikwa kwa jina la mwenye nayo. Kwa hiyo: "Ibn Battuta, msafiri kutoka Tanja nchini Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Katika maelezo ya safari zake anausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri." Kitenzi kitupu kwa tukio, jina la msemaji kwa sifa. Kama unataka mahali pa kuweka shaka ya kweli, ipo: baadhi ya tafsiri za maelezo yake zinataja nyumba za mbao, ilhali magofu ya jumba la Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu ni ya mawe ya matumbawe. Hapo ndipo pa kusema "huenda nyumba za watu wengi zilikuwa za mbao na miti, na mawe yalikuwa ya majumba ya wakubwa na misikiti", na mwanafunzi ataona kwa nini unakisia.

Tuingie katika aya ambayo nadhani ndiyo iliyowagombanisha wasomaji wako, ya kuasisiwa kwa Kilwa. Vitabu vingi huandika hivi:

"Kilwa ilianzishwa na Washirazi kutoka Uajemi. Sultani wa kwanza alikuwa Ali bin al-Hassan, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Washirazi walileta Uislamu na kujenga mji mkubwa."

Imenyooka, inakaririka, na kila sentensi imebeba zaidi ya inavyoweza. Dawa yake haiko katika kutanguliza "inaaminika" mbele ya kila nukta. Jaribu hivi:

"Uchimbaji wa akiolojia unaonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi Kilwa Kisiwani kufikia karne ya 9. Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya mji iliyoandikwa katika karne ya 16, inasimulia kwamba mji uliasisiwa na Ali bin al-Hassan kutoka Shiraz, aliyekinunua kisiwa kwa nguo. Wanahistoria hawajakubaliana nasaba hiyo ilianza lini: wapo wanaofuata hesabu za tarikh na kuiweka karne ya 10, lakini Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alipendekeza kwamba ilianza karibu mwaka 1200. Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba wengi wa watu wa miji ya pwani waliopimwa walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000."

Hakuna "huenda" hata moja, wala "inasemekana". Mhariri hana cha kukata. Lakini kila dai lina kipimo chake, na kipimo hicho kimebebwa na vitenzi. "Unaonyesha" maana yake wewe mwandishi unakubali. "Inasimulia" maana yake unapokea simulizi bila kuapa kwamba ndivyo ilivyotokea, na tarehe ya tarikh inamwambia mwanafunzi kwamba imeandikwa karne kadhaa baada ya matukio. "Hawajakubaliana" inaacha mlango wazi, kwa sababu ya ile "-ja-": mjadala bado unaendelea. "Alipendekeza" si "alithibitisha". Na neno dogo kuliko yote, "waliopimwa", ndilo linaloifanya sentensi ya mwisho kuwa ya kweli. Utafiti huo ulitumia mabaki ya watu 80 hivi kutoka miji kadhaa ya pwani na mji mmoja wa bara. Unazungumza juu ya hao. Ukiliondoa "waliopimwa", umedai asili ya Waswahili wote tangu enzi hizo, jambo ambalo mifupa ya watu 80 haiwezi kubeba.

Kwa hiyo jenga mazoea ya kuchagua kitenzi cha kuripoti kwa makini. "Anathibitisha", "anaonyesha", "anabainisha" vinakufunga na wewe. "Anasema", "anaeleza", "anaandika" viko katikati, ingawa "anaeleza" huelemea upande wa kukubali. "Anapendekeza", "anadokeza", "anakisia" vinapunguza. "Anadai" ina dharau kidogo. Itumie tu kama kweli una mashaka na mtu huyo na uko tayari kusema kwa nini. "Eti" usiitumie kabisa, hata kwa mambo unayoyaona ni upuuzi.

Ukanushaji nao una mtego. "Hakuna ushahidi kwamba walifika" na "hawakufika" ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 1944, katika visiwa vya Wessel kaskazini mwa Australia, ziliokotwa sarafu tano za shaba za Kilwa. Hilo ni tukio. Liandike kwa kitenzi kitupu. Wanafunzi watakimbilia "mabaharia wa Kilwa waligundua Australia", na wapo waandishi watakaowasaidia kukimbia. Ushahidi unasema nini? Kwamba sarafu zilifika. Nani alizipeleka, haijajulikana: huenda ni wafanyabiashara wa mataifa mengine waliopitia bandari nyingi, huenda ni meli ya Wazungu ya baadaye. Hapa "huenda" mbili mfululizo zinafaa, kwa kuwa zinataja uwezekano halisi unaoweza kuchunguzwa. Na sentensi ya kufungia iwe "hakuna ushahidi kwamba mabaharia wa Kilwa walifika huko", isiwe "mabaharia wa Kilwa hawakufika huko". Vivyo hivyo andika "kaburi lake halijapatikana", usiandike "hana kaburi". Angalia pia mahali pa "si": "si lazima ziwe zimeletwa na Waswahili" ina maana ya kwamba wangeweza kuwa wengine, ilhali "lazima zisiwe zimeletwa na Waswahili" inafunga mlango kabisa.

Jambo moja zaidi ambalo mwanaakiolojia wako atalishukuru. Uhakika mwingi kupita kiasi hujificha katika maneno "wa kwanza", "pekee" na "zaidi kuliko wote", ambayo hayafanani hata kidogo na maneno ya uhakika. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959 na Mary Leakey, na umri wake ni karibu miaka milioni 1.75. Yote hayo ni kitenzi kitupu. Lakini "binadamu wa kwanza alitokea Olduvai" ni dai jingine kabisa. Nyayo za Laetoli, hapo hapo Tanzania, zina karibu miaka milioni 3.6, na mabaki yaliyotangazwa mwaka 2017 kutoka Jebel Irhoud nchini Moroko yamewafanya watafiti waisogeze nyuma historia ya binadamu wa aina yetu hadi karibu miaka 300,000. Badala ya "wa kwanza" weka "miongoni mwa mabaki ya kale zaidi yaliyopatikana hadi sasa". "Yaliyopatikana hadi sasa" ni maneno matatu yanayokuokoa na kuandika toleo jipya kila mtu anapochimbua mfupa mahali pengine.

Sasa nipime njia zako, maana hakuna isiyo na gharama. Ya kwanza ni kumfuata mhariri moja kwa moja: kila kitu kitenzi kitupu. Kitabu kitasomeka haraka na kitakaririka. Gharama yake ni kwamba mwanafunzi akisoma kitabu kingine kinachosema tofauti ataamua mmoja wenu ni mwongo, na hatakuwa na njia ya kujua ni nani. Ya pili ni kuweka tahadhari kila mahali. Utakuwa mkweli, lakini baada ya kurasa tano msomaji ataacha kuziona, na shaka ya maana itapita pamoja na ile ya mapambo. Mimi ningechagua ya tatu: maandishi makuu yawe ya vitenzi vitupu na vyanzo vilivyotajwa, kama aya ya Kilwa hapo juu, na mara moja au mbili katika sura weka kisanduku chenye kichwa "Tunajuaje?" ambamo utaeleza mjadala kwa sentensi sita au nane. Kisanduku kinakula nafasi, na walimu wengi watakiruka kama hakina swali la zoezi. Kwa hiyo kiwekee swali.

Hapo tunafika kwa wanafunzi wako wanaotaka jibu moja. Wana haki, na unaweza kuwapa bila kuuza ukweli. Usiulize "Nani aliasisi Kilwa?" Uliza "Kwa mujibu wa Tarikh ya Kilwa, nani aliasisi mji wa Kilwa?" Jibu ni moja: Ali bin al-Hassan. Kisha "Taja sababu moja inayowafanya wanahistoria watofautiane kuhusu tarehe ya kuanza kwa nasaba hiyo." Nalo linasahihishika. Wazoeshe pia kuanza jibu na chanzo. Wakikutana na swali la mtihani lililoulizwa kwa ujumla, mwanafunzi anayeandika "kwa mujibu wa Tarikh ya Kilwa, ni Ali bin al-Hassan" amelitaja jina linalotafutwa, na sioni kwa nini apoteze alama.

Umri nao una neno lake. Kwa shule ya msingi, tahadhari moja kwa aya inatosha, na iwe ya chanzo ("hadithi ya watu wa Kilwa inasema…") kuliko ya uwezekano, kwa sababu watoto wanaelewa haraka nani amesema kuliko inawezekana kiasi gani. Kidato cha tatu na cha nne wanaweza kubeba makadirio ya pande mbili na wanahistoria wasiokubaliana.

Kwa kazi ya mezani, fanya hivi. Chapa sura nzima kwa nafasi mbili kati ya mistari. Kwa kalamu moja pigia mstari kila dai ambalo unaweza kuandika pembeni, kwa maneno yasiyozidi matano, limetoka wapi. Hayo yaachie kitenzi kitupu au yape jina la chanzo. Kwa kalamu nyingine zungushia kila "huenda", "inasemekana", "lazima", "-weza" na "bila shaka", halafu kila moja ijibu: hii ni shaka, ni sharti, ni kiasi, au ni maneno ya mtu? Ikiwa ni sharti, andika sharti. Ikiwa ni kiasi, andika "baadhi". Ikiwa ni ya mtu, mtaje. Zitakazobaki zitakuwa chache, na ndizo "huenda" zako halali. Zitetee mbele ya mhariri kwa sababu iliyoandikwa pembeni. Mwisho, wape wanafunzi watano au sita aya tatu wasome, uwaulize kwa kila sentensi: "Kitabu kinasema jambo hili ni hakika, au kuna watu wanaobishana?" Pale watakapotofautiana, sentensi yako ndiyo yenye kasoro, usiwalaumu wao.

Kuna mambo ambayo kalamu zako mbili hazitayamaliza. Lugha unaweza kuirekebisha mwenyewe, lakini kujua kama wataalamu bado wanabishana au walishaacha kubishana kunahitaji mtu aliye ndani ya fani, na vitabu vya miaka ya 1970 havitakuambia. Kabla ya kupeleka mswada Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwa ajili ya ithibati, kaa ana kwa ana na yule mwanaakiolojia, saa mbili tu, mkiwa na nakala iliyopigiwa mistari. Msiijadili sura nzima. Mwombe akuambie, kwa kila dai lisilo na maneno matano pembeni, kama uliandike kwa "unaonyesha", "inasimulia" au "huenda". Kama mhariri wako anaweza kuwapo kwenye kikao hicho, afadhali, kwa sababu mengi kati ya mnayobishania kwa kuandikiana pembezoni yatakwisha mkiwa mezani. Anzeni na aya ya Washirazi. Hiyo ndiyo itakayochukua muda.